Mafia Si Potwe Pekee: Tumpe Mgeni Sababu ya Kukaa Siku Moja Zaidi

*Yafuatayo ni mazungumzo ya Ofisa Habari wa Halmashauri kwa watoa huduma za utalii: wenye nyumba za wageni, manahodha, waongoza watalii, mama lishe na wawakilishi wa vijiji. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.*



Nimeombwa nizungumze juu ya vivutio vya Wilaya yetu. Najua ukumbi huu umejaa watu wanaovijua vivutio hivyo kuliko mimi. Nahodha aliyezaliwa Jibondo hahitaji Ofisa Habari amweleze mkondo wa Kinasi ulivyo. Kwa hiyo sikuja kuwafundisha bahari. Nimekuja kuwaomba tutafakari jambo moja: mgeni anapotoka bandarini au uwanjani hapa Kilindoni, anaondoka akiwa ameona nini, na amemwachia nani riziki?

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii haimtaji mwenyeji mmoja aliyebahatika kuwa na boti au nyumba karibu na ufukwe. Inatutaja wenyeji wote. Ukiitazama Mafia kwa jicho hilo, utaona kwamba wenyeji wengi bado hawajaponeshwa na mgeni, kwa sababu mgeni hajafika walipo.

Anachokijia mgeni

Wageni wetu wengi huja na neno moja kinywani: potwe. Wana haki. Papa potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Aliyekomaa aweza kupita urefu wa mita 12, na bado chakula chake ni viumbe vidogo vidogo vya majini, vifaranga vya samaki na dagaa. Hana dhara kwa mwanadamu. Kuanzia Oktoba hadi Machi, maji ya kaskazi yanapotulia mbele ya Kilindoni, potwe huja kula karibu na ufukwe, mahali ambapo boti hufika kwa muda mfupi tu. Ni maeneo machache sana duniani yenye neema ya namna hii.

Yako mambo mawili juu ya potwe ambayo ningependa kila mwongoza watalii awe nayo mdomoni. La kwanza, madoa ya mgongoni na ubavuni mwake hayafanani na ya mwenzake, kama alama za vidole vyetu zisivyofanana. Kwa kupiga picha madoa hayo, watafiti wametambua potwe zaidi ya 100 katika maji ya Mafia, mmoja mmoja. La pili, utafiti wa kuwafuatilia kwa vifaa vinavyotoa mawimbi ya sauti umeonyesha kwamba baadhi yao hawahami mwaka mzima. Msimu wa kuonekana ukipita, husogea mbali na ufukwe na kushuka chini zaidi. Kwa maneno mengine, potwe si mpita njia. Ni mkazi mwenzetu, na anayemuumiza hamuumizi mgeni wa mbali bali jirani yake.

Tangu mwaka 2016 samaki huyu ameorodheshwa kimataifa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Huchukua miaka mingi kabla ya kuanza kuzaa, na aliyekufa leo harudishwi na msimu ujao. Hapa ndipo penye mashaka yangu. Wageni wote wakija kwa jambo moja, katika miezi ileile, asubuhi ileile, basi boti zote zitamzunguka potwe yuleyule. Nahodha aliyelipwa kwa ajili ya potwe atashawishika kumkaribia kupita kiasi, maana mgeni wake atakasirika asipopata picha. Na siku ambayo bahari imechafuka au potwe hakuonekana, mgeni huyo ataondoka akisema Mafia hakuna kitu. Je, ni kweli Mafia hakuna kitu?

Vilivyo nje ya potwe

Tuanze na bahari yenyewe. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1990 chini ya sheria ya mwaka 1994, ndiyo hifadhi ya kwanza ya bahari katika nchi yetu. Ina eneo la kilometa za mraba 822, na ndani yake kuna miamba ya matumbawe, nyasi bahari, mikoko na aina zaidi ya 400 za samaki. Watu huvuka mabara kuja kuzamia katika Ghuba ya Chole. Lakini mgeni asiyejua kuzamia kwa mtungi naye ana haki yake humo. Akivaa miwani na bomba la kupumulia, akaelea juu ya mwamba maji yakiwa yametulia, ataona matumbawe yenye maumbo na rangi ambazo hatazisahau. Mwambieni pia kwamba mwaka 1998 joto la bahari lilipanda kupita kiasi na matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi yakapauka na kufa, yakiwemo ya kwetu. Kinachoonekana leo ni pamoja na kile kilichoota upya. Mgeni anayelijua hilo hatasimama juu ya tumbawe.

Twende Chole. Kabla ya Kilindoni, makao ya utawala yalikuwa katika kisiwa hiki kidogo. Mwaka 1890 Ujerumani ilimlipa Sultani wa Zanzibar marki milioni 4 kwa ajili ya ukanda wa pwani ya Tanganyika pamoja na Mafia, na Wajerumani wakajenga majengo yao Chole. Baadaye, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, walihamia Kilindoni, ambako meli kubwa zilipata maji ya kina, kama jina lenyewe linavyodokeza. Leo kuta zile zimekumbatiwa na mizizi ya miti. Juu ya miti ya Chole wananing'inia popo wakubwa walao matunda, ambao jamaa zao wa karibu wako Komoro. Jioni huruka kwa makundi kuvuka ghuba kwenda kutafuta chakula. Tamasha hilo halina kiingilio wala msimu wa Oktoba. Linahitaji mgeni aliyelala usiku mmoja zaidi, na mwenyeji wa kumkalisha mahali pazuri kwa kikombe cha chai ya tangawizi.

Ng'ambo ya Chole kuna Juani, na Juani kuna Kua. Huu ulikuwa mji wa mawe wenye jumba la watawala, misikiti na makaburi, uliostawi hasa katika karne ya 18. Katika miaka ya 1820 Wasakalava kutoka Madagaska waliuvamia, wakaua na kuchukua mateka, na mji haukuinuka tena. Wazee wetu wana masimulizi mazito juu ya Kua na Kisimani, miji miwili iliyooneana wivu hadi ikalipizana visasi vya kutisha. Kisimani wenyewe, kule Ras Kisimani upande wa magharibi, ni mkongwe zaidi, na sehemu yake imekwisha kumezwa na bahari. Mgeni akisimuliwa hayo mahali penyewe na mzee wa Juani anayejua kusimulia, hawezi kusema Mafia ni maji tu.

Juani pia ni mazalia ya kasa. Kasa wa kijani na kasa ng'amba hupanda ufukweni usiku kutaga, na baada ya miezi 2 hivi vifaranga hutoka mchangani na kukimbilia maji. Walinzi wa mazalia, ambao ni wanavijiji wenzetu, huhesabu siku za kila kiota, hivyo huweza kukadiria siku ya kuanguliwa. Nyingi kati ya siku hizo huangukia katikati ya mwaka, wakati potwe haonekani. Mwenyezi Mungu ametupangia vivutio kwa zamu. Sisi ndio tuliochagua kutangaza zamu moja.

Kuna Jibondo, kisiwa cha mawe kisicho na maji baridi ya kutosha, ambako watu huvuna maji ya mvua na kujenga vyombo vya baharini kwa mikono yao. Fundi wa Jibondo au wa Chole akichonga ubavu wa jahazi bila mchoro wa karatasi, anafanya kazi ambayo mahali pengi duniani imebaki ndani ya makumbusho. Kuna Bweni na mnara wa taa wa Ras Mkumbi, ncha ya kaskazini kabisa. Kuna msitu wa Mlola upande wa mashariki. Kuna viboko, ambao wengi huwahusisha na mto Rufiji ng'ambo ya mlango wa bahari, na mgeni hucheka kwanza akiambiwa kisiwa kina viboko. Kuna minazi, mikorosho, na mikeka inayosukwa na mama zetu.

Na hata uwanda wa Kilindoni una hadithi yake. Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia, wakaifanya kituo cha kuiwinda manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji. Ndege zilizoruka kutoka kisiwani kwetu zilielekeza mizinga, na Julai 11, 1915 manowari hiyo ikaangamia. Ni wageni wangapi hushuka katika ndege hapa bila kuambiwa kwamba miaka zaidi ya 100 iliyopita ndege za vita ziliruka kutoka kisiwa hikihiki?

Siku moja zaidi

Sasa nifike kwenye ombi langu. Sisemi tutafute wageni wengi zaidi. Nasema yule mgeni aliyekwisha lipa nauli ya kufika tumpe sababu ya kukaa siku moja zaidi, na siku hiyo aitumie nje ya Kilindoni na Utende.

Tazameni siku moja hiyo inavyogawanyika. Nyumba ya wageni inapata usiku mwingine. Nahodha wa Chole anapata safari ya Juani. Mwongozaji wa Kua anapata ujira wake, na mzee msimulizi anapata heshima yake. Mama lishe anauza wali wa nazi na pweza. Msukaji anauza mkeka. Kijana mwenye bodaboda anapata safari ya Mlola. Potwe naye anapata nafuu, kwa sababu wageni wamegawanyika na boti zimepungua juu yake. Hakuna kati ya haya linalongoja mradi mkubwa wala mfadhili.

Halmashauri nayo inafaidika, na sioni aibu kulisema. Ushuru wa nyumba za kulala wageni ni sehemu ya mapato ya ndani. Utaratibu wa Serikali unazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato hayo kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa hiyo mwenye nyumba anayemlaza mgeni bila kumwandika kitabuni haifichi Halmashauri peke yake. Anapunguza fungu ambalo binti yake au mpwa wake angelikopa ili kununua cherehani au boya la mwani. Lipeni kwa kumbukumbu namba, daini stakabadhi, na huisheni leseni zenu kwa wakati. Anayekwama katika mfumo aje ofisini, atasaidiwa.

Masharti ya kumkaribisha mgeni

Ili siku hiyo moja iwe na baraka, yako mambo ambayo hatuna budi kukubaliana.

Kwanza, usalama. Kila abiria avae jaketi okozi, mgeni na mwenyeji, mtoto na mtu mzima, kabla chombo hakijang'oa nanga. Upepo wa kusi ukivuma, nahodha aseme hapana. Safari iliyoahirishwa hurudishiwa pesa au kupangiwa siku nyingine. Roho haina marudio.

Pili, ukweli. Tusimwahidi mgeni potwe kana kwamba tumemfunga kamba. Mwambieni: tutakwenda kumtafuta, na tusipomkuta tuna mpango mwingine wa siku yako. Mgeni aliyeambiwa ukweli mapema huwa mvumilivu.

Tatu, adabu ya bahari. Potwe haguswi, hapandwi, hazibiwi njia, wala hapigwi picha kwa mwanga wa ghafla. Anayeogelea akae umbali usiopungua mita 3 naye. Boti iliyofika baadaye ingoje zamu yake kwa mbali. Wavuvi wa dagaa wako palepale anapokula potwe, kwa sababu wote wawili wanafuata riziki moja. Potwe akinasa katika wavu, mvuvi anayemfungulia anaweza kupoteza wavu na samaki wa siku nzima ili kumwokoa kiumbe anayemlisha nahodha wa watalii. Si haki gharama hiyo ibebwe na mvuvi peke yake. Naomba manahodha na wenye hoteli wakae na wavuvi wao wa Kilindoni, waulizane kwa dhati: mwenzetu akipata hasara kwa ajili yetu sote, tunamfidia vipi? Swali hili nawaachia wenyewe mlijibu, lakini lisiahirishwe hadi msimu ufike.

Nne, adabu ya nchi kavu. Mawe ya Kua na Kisimani si ya kujengea jiko wala ya kubeba kwenye begi. Mayai ya kasa si kitoweo. Sheria inakataza, na kila kiota kilichochimbwa ni ziara iliyozikwa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini chupa na nyavu chakavu bado zinaonekana ufukweni. Ufukwe ulio mbele ya biashara yako ni sebule yako. Hakuna mtendaji wa kijiji atakayekufagilia sebule.

Tano, heshima kwa wenyeji. Vijiji vyetu vina dini na mila. Mgeni aelezwe kabla hajashuka kwenye boti kwamba kijijini watu hujisitiri, kwamba hawapigi picha watu bila kuomba, na kwamba watoto hawapewi pesa mkononi. Mgeni hukosea kwa kutojua. Mwongozaji akinyamaza, kosa ni la mwongozaji.

Sita, kijiji kiamue. Pasiwe na safari ya Juani, Jibondo au Bweni iliyopangwa Kilindoni bila serikali ya kijiji kujua nani anakuja, anapita wapi na kijiji kinapata nini. Makubaliano hayo yaandikwe na yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, wanawake na vijana wakiwepo. Wanakijiji wakijua manufaa yao, watakuwa walinzi wa kivutio bila kulipwa mshahara. Wasipojua, watamtazama mgeni kama mtu anayepita shambani mwao bila hodi.

Kazi ya kuanzia kesho

Ndugu zangu, nisiwachoshe. Kila mwenye nyumba ya wageni aandike kwenye karatasi moja mambo manne ambayo mgeni anaweza kuyafanya kesho asubuhi bila kuingia majini kumtafuta potwe: mahali, saa ya kuondoka kulingana na maji kujaa na kupwa, bei halali, na jina la kijiji kitakachompokea. Ibandikwe mapokezi, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mgeni. Mtakaopenda, leteni nakala ofisini kwetu. Tutaichapa katika jarida hili ili Kirongwe wajue Jibondo wanatoa nini, na Jibondo wajue Baleni wana nini.

Wazee wa Mafia walizoea kungoja maji. Safari ya Kua hutegemea maji kujaa, na aliyechelewa huona mashua yake imekaa juu ya matope hadi jioni. Utalii nao una maji yake. Wageni wanaendelea kuja, potwe bado wapo, kuta za Kua bado zimesimama, na wasimulizi wetu bado wako hai. Tuyatumie maji haya yakiwa yamejaa.